Kengele Iliyolia Mara Moja

Karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari thelathini na mmoja. Ya pili ilikuwa na mstari mmoja tu. Hashimu aliziweka sambamba juu ya meza ya meneja, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Mistari haikubadilika.

"Mbona umeganda, mzee?" aliuliza Meneja Emmanuel. "Nimekuomba kumbukumbu za kompyuta za kubandika nyuma ya ripoti yako. Sikukuomba uzisalie."

"Hii yenye mistari mingi ni ya lini?"

"Si imeandikwa hapo juu? Februari."

"Na hii ya mstari mmoja ni ya Jumamosi, siku ya moto."

"Ndiyo."

"Siku zote mbili joto lilipita kiwango?"

"Lisingepita, kompyuta isingeandika kitu. Kila kengele ikilia, inaandika mstari."

"Basi nieleze, meneja. Februari, siku ambayo hakuna kilichoungua, kengele imelia mara thelathini na moja. Jumamosi, siku tuliyoungua kweli, imelia mara moja. Kwa nini?"

Emmanuel alitazama saa yake. Alikuwa mtu wa Arusha, ana mwaka mmoja tu katika wilaya ya Rungwe, na mvua ya huku ilikuwa bado haijamzoea. "Jibu uliliandika mwenyewe Jumatatu. Mzee Ambindwile aliizima."

Ni kweli, aliliandika. Hashimu alikuwa amelitumikia jeshi la polisi miaka ishirini na saba, mikoa minne, akastaafu na kurudi kwao Makandana, akafungua ofisi ya upelelezi nyuma ya duka la ushonaji aliloacha marehemu baba yake. Kiwanda cha chai cha Ndulilo, kule upande wa Suma, kilipoungua mashine moja ya kukaushia, na mchochea tanuri Amoni akababuka mikono yote miwili, mwenye kiwanda alipiga simu kutoka Dar es Salaam kutaka mtu wa kutafuta chanzo. Serikali ilikuwa imeshakiuza kiwanda hicho zamani, na mnunuzi hakutaka kungoja mambo ya tume. Alitaka jina.

Hashimu alimpa jina siku ya pili. Hoja yake ilikuwa fupi na safi. Kengele ya joto ililia saa kumi na dakika saba alasiri, kisha ikanyamaza. Kengele hiyo hainyamazi mpaka mtu abonyeze kitufe, na kitufe kiko kimoja tu, ukutani mwa chumba cha kukaushia. Chumbani alikuwemo mtu mmoja tu wa zamu, mzee Ambindwile, kwa kuwa Amoni alikuwa chini kwenye tanuri. Basi Ambindwile alibonyeza, akanyamazisha kengele, akarudi kwenye usingizi wake bila kupunguza moto. Hashimu aliisoma hoja hiyo kwa sauti mbele ya meneja, akaisoma tena, kama mtu anayesoma barua ya posa iliyokubaliwa.

Jumatano wafanyakazi waliitwa uwanjani. Ambindwile, mtu wa miaka sitini na sita, mzee wa kanisa, aliambiwa arudishe koti na viatu vya kampuni palepale. Alikaa kwenye ngazi, akavua buti moja, akavua la pili, akayapanga vizuri mlangoni mwa ofisi, akatoka getini pekupeku kwenye tope. Hakuna aliyecheka. Hashimu alikuwa amesimama pembeni mwa meneja, faili kwapani.

"Kompyuta hii si ile ya Februari," alisema sasa.

"Ile ilipigwa na radi. Siham alituletea nyingine, wiki ya tatu hii. Programu ni ileile."

"Yuko wapi Siham?"

"Chumba cha pili, anabadilisha utepe wa printa. Mzee, fanya upesi. Hata wazee wa kanisa wamenitumia mtu kutaka nakala ya ripoti. Wanakaa leo saa tisa kumvua uzee wake."

"Umewapa?"

"Nimewapa jana. Kwani ni siri? Si kazi nzuri uliyoifanya?"

Hashimu alizikunja karatasi mbili, akazitia mfukoni. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo.

*

Siham binti Twalib alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye duka karibu na soko. Baba yake na Hashimu walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Siham, ulipoleta kompyuta hii, kengele uliijaribu?"

"Niliijaribu. Meneja ni shahidi."

"Uliijaribuje?"

"Nilichukua pasi ya mkaa ya karani, nikaigusisha kwenye kipimajoto cha akiba, hiki hapa. Kengele ikalia kule ofisi ya mizani, wanakopimia majani. Tukapiga makofi, nikaiondoa pasi."

"Ililia mara ngapi?"

"Ililia, mjomba."

"Sijauliza kama ililia."

Siham alikishika kipimajoto. "Sikuhesabu. Ilipolia tu, nikaondoa pasi. Ningeungua vidole."

"Itafute pasi hiyo. Safari hii hatuiondoi."

Akapanga jaribio lake kama alivyofundishwa kupanga gwaride la utambuzi. Meneja alitumwa kusimama mbele ya kitufe, mikono nyuma, ili baadaye asiseme hakuona. Karani alikaa kwenye ofisi ya mizani, ambako kengele imetundikwa, akapewa penseli ya kuchora mstari kila ikilia. Pasi ilikolezwa mkaa hadi ikawa nyekundu, ikaegemezwa kwenye kipimajoto na kufungwa kwa waya. Hashimu akashika saa yake mkononi.

Sindano ya kipimajoto ilipanda polepole, ikavuka alama nyekundu. Kule mizani kengele ikapiga, krrrrr, sekunde tano. Ikanyamaza.

Dakika moja. Dakika tatu. Sindano imelala kule kule kwenye nyekundu. Mvua ilianza kugonga bati, ikaacha. Dakika kumi.

"Meneja!" Hashimu aliita kupitia korido. "Umebonyeza?"

"Sijagusa kitu!" sauti ya Emmanuel ikajibu. "Mikono iko nyuma kama ulivyotaka! Nirudi?"

Hashimu alikuwa ameshageuka. Alikuwa akimtazama Siham, na Siham alikuwa ameshaipa kisogo pasi, anafungua maandishi ya programu kwenye kioo cha kompyuta, anateremka mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Akafika mahali akasimama. 

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," alisema Hashimu.

"Programu hii, mjomba, haikai ikichungulia kipimajoto. Inalala. Kompyuta ndiyo inayoiamsha kukiwa na habari, kama tarishi anayekugongea mlango kwamba kuna barua kwenye sanduku lako. Joto likipita kiwango, kipimajoto kinatia barua moja sandukuni. Tarishi anagonga, programu inaamka, inapiga kengele, inalala tena. Barua haiichukui. Inachukuliwa pale tu mtu anapobonyeza kitufe."

"Inaiacha sandukuni kwa nini?"

"Makusudi. Fundi mgeni aliyeiandika zamani alikuwa mjanja. Tarishi wa kompyuta ya zamani alikuwa anagonga maadamu barua imo. Unalala, anakugongea. Unalala, anakugongea. Ndiyo hiyo mistari thelathini na mmoja." Alishika kingo za meza. "Kompyuta hii ni ya jamii nyingine. Maneno ya kumwita tarishi wa ile ya zamani haiyajui kabisa, programu ilikataa hata kuanza. Ikabidi sehemu hiyo niiandike upya mwenyewe. Nilikuwa na kitabu, kilikuwa na mfano mmoja, nikaunakili ulivyo. Na tarishi wa mfano ule anagonga siku barua inapofika tu. Barua ikiendelea kukaa, hayamhusu."

"Kwa hiyo Jumamosi..."

"Aligonga mara moja. Hakuna aliyebonyeza, mjomba. Hakuna aliyezima chochote. Ilinyamaza yenyewe, na moto unapanda." Machozi yalikuwa yanamlenga, akayakausha kwa kiganja cha mkono kabla hayajatoka. "Ningesubiri dakika moja tu na pasi yangu ningejua. Nilisikia kengele nikapiga makofi. Amoni ana watoto wanne."

"Na mimi nilisikia kimya nikaandika ripoti," Hashimu alisema. "Chukua kalamu. Andika uliyoniambia, utie sahihi."

"Baba atasema nini?"

"Baba yako tutamkuta jioni. Kuna mtu anavuliwa uzee saa tisa."

*

Hoja yake ya Jumatatu ilikuwa imekatika mguu mmoja. Alikwenda kuikagua miguu mingine.

Kiwanda kilikuwa na mashine mbili za kukaushia. Ile iliyosalimika ilikuwa imewashwa baada ya jaribio, sasa inanguruma, na vumbi la chai linawasha koo. Hashimu alisimama palepale aliposimama Jumatatu, akamwambia karani, kwa ishara, arudi mizani akaipige kengele kwa mkono. Akangoja. Karani akatokea mlangoni, akainua mabega kuuliza kama imetosha.

"Umeshapiga?" Hashimu alipaza sauti.

"Mara tano, mzee!"

Hakuwa amesikia hata moja. Jumatatu alisikia vizuri mno, akaandika kwenye daftari, *inasikika hadi ndani*, akapiga mstari chini yake. Lakini Jumatatu mashine zote zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya moto. Miaka ishirini na saba kazini, naye amepima sikio la mtu katika nyumba iliyokufa.

Basi ndiyo maana kengele ilitundikwa mizani, penye utulivu. Na kama mtu wa ndani haisikii, lazima awepo wa kumpelekea habari. Akauliza. Kila mtu alikuwa anajua, na hakuna aliyefikiri kuwa ni siri. Ni kazi ya karani mkuu wa mizani, Ikupa, ambaye wenzake walimwita Mama Tulia. Jumamosi zamu ilikuwa yake.

Alimkuta peke yake, akipanga stakabadhi za wakulima. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Kisiba, kitenge mabegani, mwenye mkono mzuri wa kuandika. Hashimu alivuta kiti, akakumbuka, akaomba ruhusa kwanza.

"Mama Tulia, Jumatatu nilikuuliza maswali mangapi?"

"Mawili, baba. Kama kengele ililia. Na kama ilinyamaza."

"Ukanijibu kweli."

"Nilikujibu kweli."

"Leo nina la tatu. Ikilia, nani anakwenda kumwambia mtu wa zamu?"

"Mimi."

"Jumamosi ulikwenda?"

Ikupa alilinganisha kingo za stakabadhi, akazigongesha mezani. "Sikwenda."

"Ulikuwa unakwenda siku zote?"

"Nilikuwa nakwenda. Meneja alipobadilisha zamu, tangu mwezi uliopita, namtuma mtu. Mfagiaji, mbeba majani, yeyote anayepita. Kengele inangoja. Hata nikichelewa kumpata mtu inaendelea kulia, kwa hiyo hapakuwa na hatari."

"Huendi mwenyewe kwa sababu gani?"

"Baba, wewe ni mtu wa hapa au wa kuja?"

"Nimezaliwa Makandana."

"Basi usiniulize."

"Lazima niulize. Aliyekuwa zamu ni mzee Ambi..."

Hakumalizia. Ikupa alikuwa amegeuka ghafla, uso ukutani, kitenge kimepanda kichwani mpaka kwenye paji la uso. Alifanya vile bila kufikiri, kama mtu anavyofumba jicho vumbi likija.

Hashimu akabaki na jina nusu mdomoni. Jana uwanjani, mzee alipopita pekupeku, alimwona mwanamke mmoja amejibanza nyuma ya magunia ya majani, ameinama, uso umefunikwa. Alidhani anaficha kicheko, na katika roho yake akamlaumu. Utotoni Makandana aliwaona wanawake wangapi wakiruka kutoka njiani na kuingia migombani, eti kwa sababu kuna kikohozi cha mtu fulani kinasikika mbele? Yeye na watoto wenzake wa duka la ushonaji walikuwa wanakohoa makusudi ili wawaone wakiruka. Bibi mmoja jirani aliwachapa kwa ufito: *Hiyo ni heshima ya mkwe, nyinyi mbuzi.* Na kokote alikopangiwa kazi, Hashimu alijisifu kwa maofisa wenzake kwamba Wanyakyusa anawajua kama kiganja chake.

"Ni baba wa mume wako," alisema.

Ikupa aliuambia ukuta. "Sijawahi kuingia chumba alimo. Miaka tisa. Simtaji, simtazami, na yeye akiniona njiani anakohoa kwanza ili nipate nafasi ya kupita. Meneja hakuuliza, akatupanga zamu moja. Nani wa kumwambia? Angesema ni ushamba."

"Jumamosi ilikuwaje?"

"Ililia. Nikatoka kutafuta mtu. Mvua ilikuwa kubwa, uwanja mtupu. Sijafika kona, ikanyamaza. Nikamshukuru Mungu. Nikasema ameiona sindano mwenyewe, amebonyeza, nikarudi kukaa."

"Ukiamini kwamba kengele ikinyamaza, mtu amebonyeza."

"Ndivyo tulivyofundishwa." Akageuka nusu. "Ndivyo na wewe ulivyoandika."

Hilo lilimfika. Alijifanya anatafuta ukurasa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulipomaliza mawili yako ulifunga daftari, ukaniambia asante mama, ukaenda. Na ningesemaje, baba? Kwamba Amoni ameungua kwa sababu mimi nilimwogopa mkwe wangu? Yeye naye angesema nini mbele ya wanaume? Kwamba mke wa mwanawe hakuja kumwita?" Alikaza kitenge. "Jana amevuliwa viatu kwa ajili yangu, na hata samahani siwezi kwenda kumwambia. Sina ruhusa ya kusimama mbele yake."

*

Meneja alikataa mara mbili kutia sahihi kwenye karatasi ya Siham. "Nimrudishe leo mtu niliyemfukuza jana mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu hao hao," alisema Hashimu. "Kitufe umekilinda wewe mwenyewe, mikono nyuma. Au niandike kwamba hukuwepo?"

Akatia sahihi, akatoa na gari.

Hashimu na dereva walifika kanisani saa tisa kasoro dakika kumi. Ambindwile alikuwa amesimama upande wa ukuta usio na mvua, kanzu nyeupe ya uzee wa kanisa imekunjwa mkononi, tayari kuikabidhi. Hashimu alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuangalia na hili?"

"Nimekuja kusema nimekosa. Hukubonyeza."

"Nilikwambia sikubonyeza."

"Uliniambia mara moja ukanyamaza."

"Ulitaka nikwambie mara ngapi?"

Hashimu alizungusha kofia vidoleni. "Ungeniambia kwamba hukuitwa."

"Ungeniuliza nani alitakiwa kuniita."

"Ningeuliza, ndiyo."

"Ndiyo maana sikusema." Mzee alitazama kule barabarani, ambako wazee wenzake walikuwa wanakuja wawili wawili chini ya miavuli. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno linapimwa. "Umeongea na mama wa mjukuu wangu. Naona usoni."

"Nimeongea naye."

"Wakwe wa siku hizi wanatukodolea macho, wanatupa na mkono. Yule mama, miaka tisa, hajanivunjia heshima siku hata moja. Nimlipe kwa kumtaja mbele ya watu kwamba ndiye aliyeunguza kiwanda? Aa. Sema mashine yako. Sema fundi. Yeye usimguse."

"Watauliza, mzee. Kengele ililia mara moja, mtu fulani aliisikia. Kila mwenye akili atauliza."

"Mimi sijui kazi yako," alisema Ambindwile. "Mimi najua ya kwangu tu." Akaingia ndani.

Wazee walikuwa wanane, kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Mwenyekiti wao, Nsajigwa, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na nakala ya ripoti ya Jumatatu ilikuwa mbele yake imepigiwa mistari kwa wino mwekundu, kama insha. Ambindwile alikaa mwisho wa benchi, peke yake. Dirisha lililo nyuma ya mwenyekiti lilikuwa wazi, na nje yake, chini ya upenu, ulionekana ukingo wa kitenge kile alichokiona mizani, haukai wala hauondoki.

Hashimu hakukaa. Alieleza kompyuta mbili, barua na tarishi. Akasoma karatasi ya Siham na sahihi ya meneja. Kisha akaomba nakala ya ripoti yake, akaisoma hoja yake kwa sauti kama alivyoisoma Jumatatu, na kila sentensi akasema imeoza wapi. Kengele hainyamazi bila kitufe: uongo. Aliyemo chumbani anaisikia: uongo, nilipima mashine zikiwa zimezimwa. Basi alilala: uongo, na huo ni wangu mwenyewe, hakunipa mtu.

Benchi zilinong'ona. Mmoja alisema, "Ndaga fijo, Bwana," akishukuru, na mwingine akamshika Ambindwile goti. Nsajigwa aliinua penseli.

"Taratibu. Mimi ni mwalimu. Unasema kengele ililia mara moja."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mzee hawezi kuisikia akiwa ndani."

"Hawezi."

"Iliyolia mara moja nayo imelia. Nani aliisikia?"

Ukingo wa kitenge dirishani ulisimama. Ambindwile aliinamisha kichwa, akatazama sakafu kati ya miguu yake, mikono imekaza kanzu iliyokunjwa. Jibu lilikuwa kwenye daftari la Hashimu, ukurasa wa kumi na nne, na jina, saa, na maneno yake yote. Lilikuwa jibu zuri. Lingeifanya ripoti ya pili ikamilike kuliko ya kwanza, na yeye angetoka pale bado mpelelezi.

"Jumatatu sikuuliza, mwalimu," alisema.

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Na leo?"

"Leo nimekuja kuondoa kosa nililombambikia mzee huyu. Sikuja na la mtu mwingine."

Nsajigwa alivua miwani. "Miaka ishirini na saba polisi! Ukamvua mtu viatu, ukatuletea na sisi karatasi tumvue kanzu, na hukuuliza nani aliisikia kengele? Mtoto wa darasa la tatu angeuliza!"

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili. Kicheko kikapita benchi zima, hata aliyekuwa ameshukuru alicheka. "Labda na yeye alikuwa amesinzia," akasema mmoja, na wakacheka tena. Masikio ya Hashimu yaliwaka. Alisimama wima, kofia kifuani.

"Angeuliza, mwalimu," alisema.

"Basi liandike hilo. Hapa chini, kwa mkono wako. Karatasi hii itasomwa Jumapili mbele ya waumini, maana na ile nyingine ilishasomwa mitaani."

Hashimu aliinama juu ya meza. Aliandika: *Mimi, Hashimu, mpelelezi, nilimhukumu mzee Ambindwile bila kuuliza nani aliisikia kengele. Hana kosa.* Alitia sahihi, akatia tarehe. Herufi zilitoka kubwa kama za mtu anayejifunza kuandika.

Alipoinua kichwa, dirishani hapakuwa na mtu. Kwenye benchi Ambindwile alikuwa anamtazama usoni. Kisha mzee akajisogeza kidogo upande wa ukuta, akapangusa kwa kiganja mahali pale alipokuwa amekaa, na kumwonyesha akae.